Kitenzi cha Jumanne

Ghorofa ya tatu, Mtaa wa Narung'ombe,
juu ya duka la zipu, vifungo na lastiki,
nimeandika ubaoni kitenzi kimoja cha Kiingereza,
na chini yake, kwa chaki iliyobaki kama ukucha:
chukua.

Bi Shufen ananakili. Miwani ameipachika nyweleni.
Huko chini wapagazi wanapigiana mluzi,
na feni inazungusha joto lile lile.

"Teki," nasema.
"Teki," anajibu, ulimi ukigonga meno
kama mtu anayebisha nyumba asiyomjua mwenyewe.

Nikaanza na yaliyo mepesi.
Chukua kalamu. Akachukua.
Chukua chenji yako. Akacheka:
miaka kumi na tisa Kariakoo,
hajasahau chenji hata ya mia.

Kisha mambo yakaharibika.
Mwingereza, nikamwambia, huchukua basi.
"Lote?"
Lote, na kondakta wake.
Sisi twalipanda, kama ngazi.
"Sisi tunalikaa," akasema, "kama kiti."

Mwingereza huchukua dawa.
Sisi twainywa, hata ikiwa kidonge;
kwao wanaila, hata ikiwa ya maji.
Mwingereza huchukua picha...
Hapo akasimama, kofi likalia hewani.
"Picha kwetu tunaipiga!"
Nasi twaipiga.
"Simu?"
Twaipiga.
"Chafya? Miayo?"
Twapiga, twapiga.
Pasi? nikamuuliza mimi.
Akafikiri sana, kama anayetafuta stoo.
"Hapana. Pasi hatuipigi."

Tukakaa pale, tumechoka kwa kupiga,
na yule Mwingereza wetu peke yake ubaoni,
anachukua tu, anachukua.
"Ndiyo maana alihitaji meli kubwa," akasema.
Halafu, akitazama maboksi yake yaliyofika dari:
"Na sisi siku hizi watu wanatusema hivyo hivyo."
Sikujibu. Nilifuta kitu ambacho hakikuwa na kosa.

Saa kumi na mbili kasoro akatoa risiti mkobani.
Nyuma yake, kwa herufi za kwao, sauti alizozidaka jana
kwenye simu ya Melbourne.
Mjukuu ana miaka sita.
Kichina hajui, Kiswahili ndiyo kabisa,
na bibi hajawahi kumshika ila kwenye kioo cha simu.
Kabla ya kukata, mtoto alisema neno moja.
Bibi akaitikia "yesi, yesi," kama kwa mteja.

Akasoma, silabi moja moja:
"Donti. Teki. Longi."
"Nimetafuta kwenye kamusi, Mwalimu.
Usichukue ndefu. Ndefu nini?
Kama ni zipu, ninazo. Sentimita themanini,
nyeusi, bluu, ya koti. Nitamtumia."

Nilitaka kumweleza kwamba nomino imemezwa,
kwamba ni muda, muda haukutajwa,
Waingereza wana kawaida hiyo ya kuficha kilicho kikubwa.
Mdomo ukakauka.
Nikaandika tu:
Usikawie.

Neno hilo hakulifungulia kamusi.
Kila siku anaambiwa na wanaoacha bajaji inanguruma nje:
mama, usikawie, zipu dazeni mbili.
Akateremsha miwani machoni.
Akaanza kuhesabu kitu kwa vidole,
akafika cha saba, akaviachia.

Chini mtu akaita, "Mama Zipu!"
Hakuitika.

"Mwalimu. Tiketi ya ndege," akasema,
"Mwingereza naye anaichukua?"
Hapana. Anainunua.
"Kama sisi. Na nyie?"
Sisi twaikata.
"Mnaikata?"
Twaikata, Bi Shufen.

Akaandika kwenye daftari, taratibu: kata.
Kisha, kando ya neno,
akachora mkasi.