Bandika

Chumba kiko juu ya duka la vitambaa, Langoni.
Kompyuta sita; moja mbovu, nyingine yasinzia
mpaka uipige kofi ubavuni.
Nikasema: leo tutanakili, leo tutabandika.

Bi Maimuna Shekuwe akaangua kicheko.
"Kubandika, mwalimu? Mimi nabandika
tangu wiki ya pili ya ndoa yangu."
Yeye ni mpishi wa mikate ya mofa. Donge kiganjani,
mkono ndani ya moto mpaka kiwiko, pa! ukutani.
Malaika ya mkono wake wa kulia yaliungua zamani,
hayajarudi.

Basi nusu ya somo unayo, nikamwambia.

Kwanza chagua. Kishale mwanzo wa neno,
bonyeza, usiachie, buruta taratibu
kama unayemfunika mtoto shuka, naye amelala.
Akaachia mapema: akapata "Mheshi", "miwa" ikabaki nje.
Tena. Tena. Ulimi umechungulia pembeni mwa midomo.
Kisha buluu ikamwagika mstari mzima,
naye akaondoa mkono juu ya kipanya
kama aliyetua ndoo kichwani bila kumwaga.

Sasa kidole cha mwisho kwenye Kontroli,
cha shahada kwenye C. Pamoja. Achia.

Kimya.
Wote watano wakanitazama mimi badala ya kioo.
"Halijatoka," akasema.
Halitoki. Kunakili si kuiba,
mwenye mali hubaki na mali yake.
"Basi nililochukua li wapi?"

Hapo nilikwama. Chuoni nilifundishwa jina lake,
sikufundishwa lilipo.
Nikasema: ndani ya mashine mna kiganja, hukioni.
Kinashika kitu kimoja. Ukinakili kingine
cha kwanza kinadondoka, wala husikii kishindo.
"Kimoya?"
Kimoja. Akatikisa kichwa, ameridhika:
"Donge moya, mkono mmoya. Hiyo naijua."

Akabonyeza V. Neno likatua.
"Pa!" akasema.

Bwana Famau Lali hakucheka. Katibu wa chama cha kuzikana,
miaka ishirini na miwili ya barua za rambirambi
imemwachia sugu kidole cha kati.
Barua ni ile ile, hubadilika jina tu.
Alijifunza upesi mno. V, V, V:
alasiri moja akamaliza barua tisa
zilizolala tangu Rajabu.

Wiki iliyofuata Athman Kombo alisimama mlangoni,
hai, amevaa saa, bahasha mkononi.
Aliyefariki ni shemeji yake.
Jina la marehemu lilikuwa lake.
Akaisoma mbele ya darasa, neno kwa neno:
alikuwa mpole, mwepesi wa kusamehe,
pengo lake halitazibika.
"Famau, sikuja kugomba," akasema.
"Mke wangu amesoma, asema huyu si mimi.
Nitilie mhuri."

Tulicheka mpaka mwenye duka akagonga dari
kwa mti wake wa kupimia kitambaa.
Famau alikuwa akiitazama V.

Somo la nne sikulipanga: ukishabandika, soma.
Mashine haijui nani amekufa.

Siku hizi huja mapema, kabla stima haijaanza kupepesa.
Hunakili salamu, hunakili aya, hunakili pengo lake,
hubandika, huchapa. Lakini mahali pa jina
huacha wazi, upana wa vidole vitatu,
na karatasi ikitoka, ingali na joto,
huitandaza juu ya goti,
huchomoa kalamu mfukoni,
hulitaja jina kwanza, kwa sauti ya chini,
ndipo huandika.

Ipo njia ya haraka zaidi.
Sijamwonyesha.