Kielelezo cha Kwanza, Ndoo ya Asali

Mahakama ya Mwanzo, Sikonge, Jumanne.
Nyuki wameingia kwa dirisha lisilo kioo,
wanaizunguka ndoo ya lita ishirini
iliyopasuka kifuniko.
Wao ndio wenye mali, lakini
hakuna aliyewaapisha.

Mshtakiwa, Mihayo Kapela, kasimama,
mkono wa kuume kaufunga kitenge.
Mlalamikaji, Sizya Mlolwa, kaleta gome la mzinga
lenye alama yake: mikato miwili ya shoka
na duara la moto.

"Uliushusha mzinga huu?"
"Niliushusha."
"Usiku?"
"Asali hurinwa usiku, mheshimiwa. Hata yeye anajua."
Benchi la nyuma likacheka.
Mimi karani; kicheko sikukiandika.

Miaka kumi na tisa na kalamu ya serikali
imenifunza kwamba jinai ina maswali mawili
na jibu moja haliitoshi.
Mkono ulifanya nini?
Hilo jepesi. Mkono huacha nta, huacha masizi,
huacha unyayo chini ya mtundu.
Na moyo ulikuwa wapi
mkono ulipokuwa kazini?
Hapo kalamu husita,
maana moyo hauachi nta.

Mihayo akasema:
Baba alikufa na mizinga kumi na minne porini,
karatasi hakuacha. Aliniachia alama,
mikato miwili, basi.
Duara sikuliona. Kuvumwani ilikuwa imelifunika.

Hakimu akaliomba gome,
akalikwaruza kwa ukucha, taratibu,
kama anayetafuta mwiba kwenye kisigino cha mtoto.
Duara likatokeza, jeusi.
"Na wewe, Sizya, kabla ya leo ulikuwa ukiliona?"
Sizya mtu mzima, hakudanganya.
"Mimi naujua mti."

Mshauri wa kwanza: aliyekula kwa kukosea naye kala, alipe.
Wa pili: tukimwachia huyu, pori zima litarinwa.
Hakimu akavua miwani.
"Deni lina mlango wake, akadai huko.
Hapa naulizwa wizi.
Wala simfungi mtu mmoja
ili pori zima liogope.
Mzigo ni wa aliyeshtaki, aufikishe mpaka mlangoni;
ameutua njiani.
Shaka iliyobaki si yangu kuila.
Ni ya mshtakiwa. Aende nayo nyumbani."

Nikaandika. Tarehe. Muhuri.

Ndipo Mihayo alipoitwa atie saini
akafungua kitenge.
Vidole vitatu vimekakamaa kama tangawizi,
kwani usiku wa yowe,
kabla ya polisi, kabla ya shtaka, kabla yetu sisi,
watu walichukua mchi
wakahukumu.
Bila kifungu, bila kipimo,
bila hata mmoja kuuliza, "Ulidhani ni wa nani?"
Na hata angekuwa mwizi,
mwizi wa ndoo moja,
ni sheria gani iliyosema vidole?

Fomu ina nafasi ya faini.
Ina nafasi ya kifungo, miaka na miezi.
Ina nafasi ya fidia.
Ya adhabu iliyoitangulia hukumu
haina. Niliitafuta.
Niligeuza hata nyuma ya karatasi.

Akaweka dole gumba la kushoto.

Yowe lile nililisikia.
Nyumba yangu haiko mbali na ghala la tumbaku.
"Mwizi," nikasema gizani, "leo kapatikana,"
nikavuta shuka, nikalala vizuri.
Mkono wangu haukufanya kitu.

Ndoo ikaamriwa irudi kwa Sizya.
Niliibeba mimi mpaka nje,
nyuki nyuma yangu, asali ikinivujia kiganjani,
na sikuona pa kujifutia.