Kadi ya Kliniki

Shaame kavaa kanzu ya Idi
kwenda kudungwa sindano Micheweni.
"Chanjo ni ya watoto," ndio wimbo wake,
na vumbi la tanuu, miaka kumi na tisa ya chokaa,
likimkoroma kifuani.
Mie ndiye niliyekesha nalo masika yaliyopita:
mito mitatu mgongoni, dirisha wazi,
nazihesabu pumzi kama muuza duka na madeni.
Hakuniuliza nilifika ngapi.

Tumekaa benchi moja na wanyonyeshaji.
Kitoto kimoja kimemkodolea macho,
kisha kikalia kwa niaba yake.

Raya muuguzi kafungua boksi la barafu.
"Mbili, mzee. Hii ya mafua, mwakani utairudia.
Hii ya kichomi. Lete mkono huu, na huu.
Hazikukatazi kukohoa.
Zinapunguza safari za Wete usiku."

Kadi za watu wazima zimekwisha.
Kachukua ya watoto,
kaandika tarehe, kaandika Shaame,
karuka uzito wa kuzaliwa,
kafika: jina la mama.

Mume wangu kimya,
mikono ya kanzu imekunjwa hadi mabegani.
"Mwanakombo," akasema. "Mwanakombo binti Faki."
Raya hajui. Mie najua
kichomi kilimchukua masika gani,
na kwamba mwanawe hakuwa ameota meno ya pili.

"Liandike vizuri," akamwambia.

Njiani analalama, mkono unamvuta.
Nimetaka kumshikia kadi.
Kakataa.