Sahau Kifaa Hiki

Karatasi ya Lasha nimeibandika kwenye friji,
mwandiko wa kijana anayekimbilia ndege ya Poland:
Kwanza, bibi, washa bluutuuthi pande zote mbili.
Pili, usiogope.
Ya tatu imelowa mchuzi wa plamu, haisomeki.

Kutaisi mvua. Saa tano usiku.
Kesho saa nne nasimama mbele ya hakimu,
na picha kumi na saba za ukuta
zimo ndani ya simu, zimejifungia,
na laptopu hii ya mtumba, yenye herufi za Kirusi,
inazungusha kiduara chake, inatafuta, inatafuta,
kama mtu aliyevaa miwani akiitafuta miwani.

Boksi la waya nimelipekua.
Kuna waya wa redio, waya wa pasi
iliyoungua ile miaka ya giza, umeme ulipokuwa mgeni,
waya wa simu tatu zilizokwisha kufa.
Wa hii hakuna.

Nikazima, nikawasha.
Nikazisogeza mpaka zikagusana bega,
wachumba wasiopendana mbele ya mpiga picha.
Nikachomoa maikrowevu, ingawa haikuwa ikipika kitu.
Nikairusha simu hali ya ndege, nikaitua.
Haikuweza kuunganishwa. Jaribu tena baadaye.
Baadaye!
Miaka thelathini na minne nimefundisha hesabu,
sijamwambia mtoto hata mmoja
kwamba jibu ni baadaye.

Ndipo nikaliona, chini kabisa ya orodha:
Simu ya Tsiala.
Si hii. Ile ya zamani,
iliyonitoka mfukoni nikiinama kisimani.
Kumbe muda wote huu laptopu inamwita marehemu,
inabisha hodi ndani ya maji.
Nikagusa jina. Likafunguka swali,
bila pole, bila utangulizi:
Sahau kifaa hiki?

Nilikaa nalo kidogo, swali lile.
Kisha nikabonyeza.

Sasa orodha mpya ikachipuka kwenye simu,
majina ya vitu vya watu nyuma ya kuta zao,
na kidole changu, kinene, chenye plamu,
kikaangukia pasipo pake.
Imeunganishwa, ikasema simu, kwa furaha kabisa.
Na ile sauti niliyorekodi Agosti, ushahidi wangu,
ikaanza kucheza,
si hapa:
ng'ambo ya ukuta, chumbani kwa Gurami, spika yake kubwa.
Nikamsikia akipiga kelele mwenyewe,
"Ukuta huu aliujenga baba yangu!"
na mimi nikimjibu kwa neno
ambalo mwalimu hatakiwi kulijua.

Halafu kimya. Mvua tu.
Halafu mlango.

Alisimama na ndara za mkewe,
pajama imefungwa kifungo kisicho chake,
mkononi waya mweupe umekunjwa vizuri.
"Ni wa namna hii?"
Sikuuliza amejuaje. Kuta zetu ni nyembamba,
nilikuwa nikiitukana laptopu tangu saa mbili.
"Unahamisha nini?"
"Picha."
"Za nini?"
"Za ukuta wako."
Akavuta kiti.

Zikaingia moja moja, mbili, tano, nyufa, mawe, moshi wa kuvu.
Ya kumi na mbili ikakwama nusu, tukaingojea wote,
na ilipokamilika, pembeni kulikuwa na Gurami,
tumbo nje, mwiko mkononi,
akiziba ufa upande wangu.
"Hiyo ifute," akasema.

Sikuifuta. Kwa hakimu sikuipeleka pia.
Kesi imeahirishwa hadi Machi.

Waya bado uko kwangu, hajaudai.
Na simu yangu, kila nikiwasha taarifa ya habari asubuhi,
humkimbilia spika wake kwanza,
naye huko hugonga ukuta mara mbili: punguza.
Lasha anasema ni rahisi, bibi, ni kitufe kimoja.
Kitufe nakijua kilipo.