Pengo

Hatamu tatu ziko mezani, juu ya gazeti la juzi,
na Bi Njambi ameniambia: Chagua, Kiptalam,
wewe ndiye unayelala karibu naye.

Kweli. Ukuta wa mbao tu unatutenganisha.
Usiku namsikia akisaga majani makavu,
akishusha pumzi kama mtu anayevua viatu.
Mtama, jike jekundu, miaka tisa,
ngozi nyepesi hivi kwamba inzi akitua ubavuni
mwili wote unatetemeka mpaka mkiani.
Unawaza kugeuka kushoto, sikio lake limeshageuka.

Na bado tulimtia chuma.

Jumatatu nilimfungua kinywa kwa tochi ya simu.
Kuna mahali, nyuma ya meno ya mbele
na kabla ya magego, ufizi mtupu,
pengo la upana wa vidole vyangu vinne.
Muumba alimwachia, sijui kwa nini.
Sisi tulipoliona tukasema: aa, hapa pa lijamu.
Palikuwa na kidonda, kama punje ya haragwe,
cheupe pembeni.

Kogo naye alikuwa na pengo,
meno mawili ya chini, yaling'olewa akiwa msichana,
ili siku pepopunda ikimfunga taya
ibaki njia ya uji.
Nimelifikiria sana jambo hili nikizoa samadi.
Pepo la punda, na pengo la uji.
Huyu binamu ya punda, tulimpa nini?

Haya, hizi tatu.

Ya kwanza ina mikono ya chuma mashavuni,
mirefu kama miiko.
Haina lijamu, muuzaji hakudanganya.
Nikaifunga gotini, nikavuta kidogo tu,
nikaiachia upesi.
Anayedhani maumivu yanakaa kinywani peke yake
hajawahi kubanwa pua na mlango.

Ya pili mikanda yake inavukana chini ya taya
kama leso ya kubebea mtoto.
Vuta kushoto, shavu la kulia linasukumwa.
Nzuri. Ila ukiachia, yenyewe haiachii,
inakawia, kama mtu aliyekusamehe kwa maneno.

Ya tatu ni ukanda wa pua na pete mbili, basi.
Mshono wake unakwaruza.
Nikaikunja mfukoni, nikashuka Nakuru,
Bondeni, kwa Obwaka anayeshona viatu vya shule.
Hajawahi kumgusa farasi. Akauliza:
Uso wenyewe una upana gani?
Nikampimia hewani kwa mikono, wateja wakacheka.
Nikatoa uzi wa katani wenye fundo,
niliompima nao Mtama alfajiri.
Obwaka akafumua, akaugeuzia mshono nje,
ndani akatia manyoya ya kondoo wa Molo,
akajivisha mwenyewe, macho kafumba.
Panawasha hapa, akasema. Akashona upya.

Vidole viwili chini ya mfupa wa shavu,
usishuke zaidi, huko pua hulainika
na pumzi ndiko hupita.
Vidole viwili kati ya ukanda na uso.
Nusu ya kazi hii ni vidole viwili.

Alhamisi, Njoro imelowa.
Nilipovuta, alisimama?
Hapana. Nisiseme uongo.
Alikwenda mpaka mahindi ya jirani,
akang'ata jani, moja, akalitafuna lote,
nami juu kama mzigo uliosahaulika.
Nikashusha pumzi. Nikalegeza kigwe.
Ndipo akageuka.

Bi Njambi aliuliza ni ngapi.
Nikasema mia nane, na nauli.

Lijamu sikulitupa. Linakalia kifuniko cha pipa la pumba,
panya wasifunue.
Kila jioni nalinyanyua, nachota, nalirudisha,
na chuma kikilia juu ya bati
Mtama bado anainua kichwa,
ulimi ukipapasa pale pengoni,
hauoni kitu,
unapapasa tena.