Kifungu cha Tisa

Rasimu ilisema: siku kumi na nne.
Wiki mbili za ushauri nasaha,
kisha faili lifungwe, hema likunjwe,
mwathiriwa aitwe mkazi tena.

Sisi ofisi yetu ni vyumba viwili
juu ya duka la misumari, Mukuru kwa Reuben.
Printa yetu hukohoa kurasa tatu, ikalala.
Lakini tulikuwa na madaftari ya Munyiva,
kumi na moja, jalada la buluu,
mengine bado yana harufu ya tope:

Kerubo, muuza omena. Halali mpaka viatu viwe mezani.
Lokwang, bawabu. Jirani akifungua bomba usiku,
yeye yuko wima juu ya kitanda.
Mtoto wa darasa la pili huchora nyumba,
kila nyumba ina ngazi, haina mlango.

Na tarehe. Munyiva ni mtu wa tarehe.
Mto ulivunja kingo mwezi wa nne.
Viatu vya Kerubo vilipanda mezani mwezi wa kumi,
usiku ule mvua fupi zilipogonga bati.

Sitajisifu. Hata andiko letu la kwanza
lilisema miezi mitatu,
kwa kuwa mfadhili alilipia miezi mitatu.
Tuliyakata maumivu ya watu
yakatoshea kitambaa tulichopewa.

Basi tukaenda mjini,
chumba chenye zulia lililomeza nyayo zetu.
Mjumbe mmoja akauliza, kwa upole kabisa,
kama tuna takwimu.
Munyiva akafungua daftari la saba.
Majina hakuyasoma. Alisoma tarehe:
Oktoba kumi na mbili. Kumi na tatu.
Kumi na tatu tena. Kumi na tatu tena.
Karani akaomba airudie ya mwisho.
Akairudia.
"Aliyeumwa na nyoka," akasema, akifunga daftari,
"nani alimpimia siku za kuogopa unyasi?"
Feni ilizunguka. Mtu akakohoa.
Wakaenda kula.

Ilichukua miezi saba, barua ishirini na mbili,
na nauli ambazo hakuna aliyeturudishia.
Kifungu cha tisa sasa kinasema:
*huduma itaendelea hadi misimu miwili ya mvua ipite.*
Kwenye safu ya fedha, pembeni,
kuna kistari.
Kwa kistari hicho tumeshaanza barua nyingine.

Nilimpelekea Kerubo ukurasa ule.
Akausoma, kidole chini ya kila neno,
kidole chenye magamba ya omena.
"Misimu miwili," akasema.
Akatazama bati.
"Na nani atakayeihesabu?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na mkate.
Akavisogeza viatu kando, kidogo tu,
tukapata pa kuweka vikombe.