Asilimia Tisini na Sita

Waliotengeneza Ungo walifunga ofisi mwaka ule wa mvua haba,
wakatuachia sentensi moja: asanteni kwa kuwa nasi.
Hatukuwa nao. Tulikuwa sisi kwa sisi,
na bado tupo, kumi na mmoja,
ukiniondoa mimi, kumi.

Mtambo wenyewe uko Isevya, dukani kwa Mwajuma Kapambala
anayechapa barua na kutoa kopi,
chini ya meza, juu ya matofali mawili,
kwa sababu mwaka juzi maji yaliingia.
Feni yake inakoroma. Mihayo ameikaza kwa tyubu ya baiskeli,
akasema: mtu asiguse.
Umeme ukikatika na kurudi, lazima mmoja aende akaiwashe kwa kidole,
na huyo mmoja ni mimi,
saa nne usiku, baiskeli haina taa,
mbwa wa Kanyenye wameshachoka kunibwekea.

Kila kompyuta mpya inatuuliza lile lile:
mtengenezaji hajulikani, je, una hakika?
Tunabonyeza ndiyo.
Mke wangu aliuliza hivyo hivyo juu ya hawa watu.
Nikajibu hivyo hivyo.

Mchana nahesabu marobota ya tumbaku.
Usiku nafungua Ungo, majina yanageuka kijani moja moja:
Shija wa Nzega. Bi Reli. nyuki40.
Huyu nyuki40 sijawahi kumwona uso.
Najua mwanawe ana pumu,
najua herufi kubwa hana habari nazo,
najua akinyamaza siku tatu kuna jambo.
Wanangu wanacheka: baba, hilo si kaburi hilo?
Kaburi gani linakuuliza umekula nini?

Basi kulikuwa na faili.
Zamani mtu alinasa kwenye kaseti
sauti ya mtangazaji wa stesheni yetu
akiita treni za usiku mzima:
ya Mwanza, ya Kigoma,
abiria wa Mpanda mabehewa yenu ni yale ya nyuma.
Ungo huyamega mafaili, kila mtu na kipande chake;
ukitaka kitu kizima, wenye vipande sharti wawepo.
Tulikuwa na asilimia tisini na sita.
Kwa miaka saba.
Unasikiliza, unafika Mpanda, kimya,
halafu treni imeshaondoka.

Shija alisema pale pametangazwa ajali.
Bi Reli alisema hapana, ni mtoto amepotea,
wanataja jina lake na rangi ya shati.
Mihayo alisema kaseti ilitafunwa, mlale.

Jumanne moja ya Julai, kwenye baridi,
umeme ulikuwa umetoka kurudi, mimi nimechuchumaa chini ya meza ya Mwajuma,
jina tulilokuwa tumelisahau likageuka kijani: fundi_kaliua.
Hakusalimia.
Tukamwandikia wote kwa mkupuo, usizime, tafadhali usizime,
na yeye kimya,
tisini na saba,
taa ikafifia, nikaushika mtambo mgongoni
kama unavyomshika mtoto aliyepaliwa,
tisini na tisa,
ikatimia.
Alikaa dakika sita. Hajarudi mpaka leo.

Tukafungua.
Abiria wa Mpanda, anasema mtangazaji,
abiria wa, anakohoa.
Anakohoa tena, kikohozi cha ndani, cha vumbi.
Mtu pembeni anamwambia kunywa maji kwanza.
Glasi inagonga maikrofoni.
Samahani abiria, anasema, naanza upya.

Hayo tu ndiyo yaliyokuwemo.

Kwa muda hakuna aliyeandika kitu.
Feni inakoroma, Mwajuma amesimama na funguo mkononi,
anataka kufunga duka.
Halafu nyuki40, kwa herufi ndogo kama kawaida yake:
pole.
Shija: pole sana.
Bi Reli: pole baba.
Nikavuta kibodi magotini, nami nikaandika.